Shangazi alipoinuka kutunza: ule ubeti ulimlenga nani?

Swali: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Tanga. Mwezi uliopita tulikuwa na harusi ya binamu yangu. Usiku wa taarabu, bendi ilipofika ubeti mmoja shangazi yangu aliinuka na noti mkononi, akazunguka ukumbi akicheza, akapita mbele ya meza ya mama taratibu kabisa, ndipo akaenda kumtunza mwimbaji. Wanawake wakapiga vigelegele, mama akainamia sahani yake. Tangu siku hiyo hawasemeshani. Ubeti wenyewe nimeunakili kutoka kwenye video ya simu:

*Moto hukuniwashia, mbona wafunua chungu,*
*Harufu yakuvutia, mwiko mkononi mwangu,*
*Kaa mbali nakwambia, hakipakuliki changu.*

Nimeuliza watu, wanasema ni wimbo wa uke wenza. Mama hana mke mwenza. Mwimbaji mwenyewe nilimfuata, akacheka, akaniambia ni wimbo wa mapishi. Sasa huu wimbo una maana gani hasa, na mtu anajifunzaje kuzijua maana zilizofichwa kwenye nyimbo? Samahani kwa maelezo marefu. Shangazi na baba pia hawako sawa tangu babu afariki, kuna mambo ya nyumba, lakini nadhani hilo ni jambo jingine.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwimbaji hakukudanganya. Ni wimbo wa mapishi, na usipoanzia jikoni hutafika kokote. Wanafunzi wangu wengi hukosea hapo hapo: wakisikia "chungu" wanakimbilia "mume" kabla chungu chenyewe hakijachemka. Mwisho wanabaki na fumbo lisilo na mwili.

Tuingie jikoni basi. Kuna mtu anapika. Kuni katafuta yeye, moto kauwasha yeye, moshi umemuingia machoni yeye. Chakula kinakaribia kuiva, anatokea mwingine aliyekuwa kakaa zake barazani, kaitwa na harufu, anafunua. Wewe umekulia pwani, huhitaji kuelezwa kwamba kufunua chungu cha mwenzio bila kukaribishwa ni utovu wa adabu hata kama hukuchota kitu. Mwenye chungu anamtolea mwiko. Picha nzima ni hiyo, na hasira yote ya ubeti imo humo kabla hatujafumbua lolote.

Kabla ya kwenda mbele, nina wasiwasi na nakala yako. Umeiandika kutoka kwenye video ya simu, ukumbini, spika zikiwa zinapasua. Umeandika "hukuniwashia". Una hakika haikuwa "hukuniwachia"? Mizani ni ileile, kina ni kilekile, na watu wa pwani wengi husema "wacha" pale wengine wanaposema "acha". Lakini "hukuniwashia moto" maana yake hukunisaidia kazi, na "hukuniwachia moto" maana yake ulikuwapo kabla yangu ukaondoka na makaa yote. Herufi moja tu, na mashtaka yanageuka. Sikiliza tena, ikiwezekana kwa spika za masikioni.

Usidhani nakuchosha kwa vitu vidogo. Chukua *Malaika*, wimbo ulioenezwa na Fadhili William na baadaye Miriam Makeba, ambao hata mtoto wa chekechea anaujua. Pale kwenye kidege, kuna wanaoimba "nakuwaza" na kuna wanaoimba "hukuwaza". Hiyo "hukuwaza" peke yake ina njia mbili. Ukiichukua hu- ya mazoea na -ku- ya mtendwa, kijana anasema kila siku huwa anamuwaza mpenzi wake. Ukiichukua hu- ya kukanusha na -ku- ya wakati uliopita, anamlaumu: wewe kidege hukufikiri. Mapenzi na lawama katika neno moja, na watu wameucheza kwenye harusi miaka yote hii bila kuulizana.

Turudi kwenye chungu chako. Sarufi inatusaidia mahali pamoja muhimu. "Wafunua" ikiwa peke yake inaweza kuwa wewe mmoja au wao wengi. Ila mshororo huohuo una "hukuniwashia", ambayo ni ya mtu mmoja tu, na "yakuvutia" inarudia huyo huyo mmoja. Kwa hiyo ubeti una shabaha moja. Haukusemwa kwa "walimwengu", "majirani" wala "mahasidi", ambao ndio wanaolaumiwa na nusu ya nyimbo za taarabu.

Halafu kuna "mwiko". Hapa mtunzi alijua anachofanya. Mwiko ni wa kupakulia, na mwiko ni katazo. Anaposema mwiko u mkononi mwake, ana zana ya kugawa chakula na pia ana mamlaka ya kusema nani asile. Pakifuata "hakipakuliki", maana zote mbili zinafungana kwa pamoja. Hiyo ndiyo alama yangu ya kutofautisha fumbo lililotungwa na fumbo lililookotwa na msikilizaji: maana ya pili ikiwa ya kweli, neno la jirani yake huitikia. "Chungu" nacho kina uchungu ndani yake, lakini sioni neno lolote hapo linaloitikia uchungu, kwa hiyo nauacha. Mwanafunzi wangu mmoja angeniandikia kurasa mbili juu ya huo uchungu.

Na hapa lazima nikuonye kuhusu njaa ya mizani. Ubeti wako ni wa mishororo mitatu, kila mshororo vipande viwili vya mizani nane nane, kina cha kati -a na cha mwisho -ngu. Hesabu: mo-to-hu-ku-ni-wa-shi-a, nane. Mtunzi anayebanwa namna hiyo hujaza, hufupisha, hukunja. Ndiyo maana washairi wana majina kamili ya ruhusa hizo: inkisari ukifupisha neno, mazida ukilirefusha, tabdila ukilibadili umbo. Tazama "nakwambia" kwenye mshororo wa tatu. Haina siri yoyote. Imekaa pale kama tofali, ili kipande kitimie na kina kipatikane. Anayekuambia kwamba "nakwambia" ni ishara ya kitu fulani anakupotezea muda, sawa na wale wanaoona Freemason katika kila video ya msanii anayefumba jicho moja.

Hata ile -ni- katika "hukuniwashia" kwa mtunzi huenda ilikuwa kijazo tu. "Moto hukuwasha" ni mizani sita, alihitaji mbili za ziada. Ikumbuke hiyo -ni-, nitairudia.

Sasa tunaweza kufumbua. Kanuni yangu ni kwamba ukilibadilisha neno moja, lazima ubadilishe na majirani zake wote, na hadithi isimame. Chungu kikiwa mume, basi moto ni taabu za mwanzo wa ndoa, wakati mume hana kitu. Harufu ni mafanikio yake ya sasa, mwiko ni ndoa yenyewe. Inasimama vizuri, ndiyo sababu watu wamekuambia ni uke wenza, na kwa kumbi nyingi wako sahihi. Chungu kikiwa kazi au biashara, moto ni mtaji na usiku wa kutolala, harufu ni faida, mwiko ni ufunguo wa duka. Inasimama pia, ila inachechemea kidogo kwenye "hakipakuliki". Chungu kikiwa mali ya familia, moto ni kuihudumia, harufu ni habari kwamba kuna kitu cha kugawana, na kupakua ni kugawa. Hapa haichechemei kabisa. Kupakua *ni* kugawa.

Utaniuliza, sasa mtunzi alikusudia ipi? Nikusimulie kisa changu. Niliwahi kukiandikia kikundi kimoja wimbo kuhusu paa linalovuja. Paa la nyumba niliyopanga lilikuwa linavuja, mwenye nyumba hataki kusikia, nami nilikuwa na hasira na mabati. Sikuwa na fumbo lolote. Usiku wimbo unaimbwa mara ya kwanza, mama mmoja akainuka akatunza mara tatu kwenye ubeti uleule, na upande wa pili wa ukumbi mwenzake akatoka nje analia. Kumbe mume wa yule aliyelia alikuwa mlevi, fedha za nyumbani zinavuja kama maji, na mtaa mzima unajua. Mimi sikumjua mume wala mke. Wimbo ulikuwa wangu mpaka saa tatu usiku. Kuanzia saa tatu na robo haukuwa wangu tena, na hata leo ukiimbwa watu hawaulizi habari za mabati.

Kwa hiyo kumfuata mwimbaji kumuuliza ilikuwa bidii nzuri, lakini ulikwenda dirisha lisilo lake. Mwimbaji wa taarabu mwenye akili hawezi kukujibu zaidi ya "ni wimbo wa mapishi", kwani akisema ni wa uke wenza, kesho wenye ugomvi wa urithi hawamwiti. Fumbo linauzika kwa sababu liko wazi kwa wengi.

Katika taarabu kuna tendo ambalo wasomaji wa maneno matupu hulisahau, nalo ni kutunza. Anayeinuka na noti hampi mwimbaji ujira tu. Anasema, "Maneno haya nayachukua, sasa ni yangu." Anachagua ubeti, anachagua mshororo, anachagua njia ya kupita, na anachagua pa kutupia jicho. Wimbo mmoja wa dakika kumi unaweza kubeba ugomvi wa watu watano tofauti, kila mmoja kwa mshororo wake, na mtunzi hamjui hata mmoja. Ndiyo maana kwa nyimbo za namna hii mimi huanza na "nani aliinuka, wapi, akimtazama nani", na "wimbo huu una maana gani" huja baadaye.

Hapo zamani kidogo fumbo na mtumiaji wake walikuwa karibu zaidi. Katika masimulizi ya Fumo Liongo, shujaa akiwa kifungoni alimtuma kijakazi kwa mama yake kwa njia ya wimbo: afanye mkate wa wishwa, yaani pumba, ndani yake afiche tupa ya kukatia chuma. Walinzi waliusikia wimbo wote wakaona ni habari za mkate. Mkate wenyewe wakaudharau, pingu zikakatwa. Fumbo lilikuwa na msikilizaji mmoja tu, na wengine wote walikuwa nje. Taarabu ya ukumbini ni kinyume chake. Ukumbi mzima lazima ujue kwamba kuna mtu kapigwa, vinginevyo noti ya shangazi yako ingekuwa imepotea bure.

Mchezo huu ulipamba moto Dar es Salaam miaka ya 1990, wakati mwimbaji Khadija Kopa akiwa na kikundi cha TOT na mwenzake Nasma Khamis akiwa na kikundi cha Muungano. Wimbo wa huku ulijibiwa na wimbo wa kule, na neno "mipasho" likakaa midomoni mwa kila mtu. Wengi wa rika langu walinung'unika kwamba fumbo limeuawa, kwamba matusi sasa yanasemwa kavukavu. Nakubaliana nao nusu. Mpasho mzuri bado una chungu na mwiko ndani yake. Mpasho mbaya una kelele tu.

Na si kila kuficha ni kurusha kijembe. Remmy Ongala, miaka hiyo ya 1990 ilipokuwa inaanza, aliimba kuhusu kondomu na UKIMWI kwa kuiita "soksi". Hapakuwa na mtu wa kupigwa pale. Alitafuta neno ambalo baba anaweza kulisikia mbele ya binti yake. Radio Tanzania ilikataa kuupiga hata hivyo, jambo linaloonyesha kwamba waliouzuia walikuwa wameuelewa vizuri sana.

Upande mwingine kuna nyimbo ambazo maneno yake yako wazi na bado maana imefichika, kwa sababu tukio limesahaulika. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, ana wimbo wa Kijiti. Ukiusikia leo unapata habari ya mtu aliyemchukua mgeni na mgeni akarudi maiti. Inatosha kuhuzunisha. Lakini masimulizi ya Unguja yanasema Kijiti alitoroka, na wanawake waliosimama kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani, kwa habari ya pombe. Ukishajua hilo, unaona kwamba aliyeshitakiwa na wimbo ni mahakama pamoja na muuaji. Hakuna kamusi ambayo ingekufikisha hapo. Ungehitaji kumuuliza mtu anayejua kesi.

Na hapo ndipo narudi kwenye barua yako, kwa sababu kesi yako unaijua wewe. Umeniandikia mambo mengi, kisha mwisho kabisa, baada ya kuomba samahani, ukatupia sentensi moja: shangazi na baba hawako sawa tangu babu afariki, kuna mambo ya nyumba. Ukasema unadhani ni jambo jingine. Mwanangu, nimeusoma ubeti wako mara tatu nikiwa na sentensi hiyo pembeni, na sioni hilo jambo jingine liko wapi.

Weka nyumba ya babu mahali pa chungu. Sasa nijibu wewe mwenyewe: nani alimuuguza babu? Nani alikuwa anampeleka hospitali, anamfulia, anakesha naye? Kama ni shangazi, basi ile -ni- niliyokuambia huenda ni kijazo cha mtunzi, mdomoni mwa shangazi imegeuka kuwa silabi kali kuliko zote. *Hukuniwashia.* Hukunisaidia mimi. Hakuitunga yeye, lakini ilimkaa kama nguo iliyopimwa. "Harufu" ni habari kwamba nyumba inaweza kuuzwa au kupangishwa. Na mwiko ameukamata yeye, mtoto wa nyumba ile, mbele ya aliyeingia kwa ndoa. Kwa nini hakumrushia baba yako ambaye ndiye mwenye ugomvi naye? Labda kwa kuwa kaka hapigwi mafumbo ukumbini, au kwa kuwa anaamini maneno ya baba yanatoka kwa mama. Mawifi wengi huamini hivyo, kwa haki au kwa dhuluma.

Nasema hivi kwa uhakika wa kiasi. Kinachonishawishi zaidi ni njia aliyopita. Mtu anayetunza kwa furaha ya wimbo huenda moja kwa moja jukwaani. Kupita mbele ya meza fulani, tena taratibu, ni kuandika jina kwenye bahasha. Kinachonishawishi kidogo ni mama yako kuinamia sahani. Wakati mwingine anayejikuna ndiye anayewashwa, lakini wakati mwingine mtu huinama kwa sababu ukumbi mzima umemgeukia, awe na hatia au hana. Usimhukumu mama yako kwa shingo yake.

Hebu fanya hivi. Itazame video tena. Angalia shangazi aliinuka kwenye mshororo upi. Kama ni wa kwanza, lalamiko lake ni la kazi: niliachwa peke yangu. Kama ni wa tatu, ni la mali: hampati. Hizo ni kesi mbili tofauti na zinatulizwa kwa njia mbili tofauti. La kwanza linaweza kupoa kwa mtu kwenda kumwambia asante kwa yale aliyomfanyia babu. La pili litahitaji wazee na karatasi.

Usiende kumuuliza shangazi, "Ulimkusudia mama?" Atakuambia aliupenda wimbo, na hutakuwa na la kumjibu. Fumbo limetengenezwa ili mwenye kulisema awe na mlango wa nyuma. Muulize mama, lakini usimuulize habari za usiku ule. Muulize yaliyotangulia. Kutunza kwa namna ile mara nyingi ni jibu, na jibu huwa na swali lake. Harusi zetu hazianzi usiku wa taarabu. Kuna siku ya kumsinga bi harusi, wanawake wamekaa mkekani na kanga zao. Siku ile mama yako alijifunga kanga gani, na imeandikwa nini? Ukiniandikia tena, anza na hilo.